Majani ya Chuo Kwenye Pindo la Kikoi

Aabo,

Amani ya Mungu iwe juu yako, baba yangu, hapo ulipolala, chini ya mgunga, karibu na zizi letu la zamani. Nakuandikia kwa Kiswahili, na usicheke. Kisomali nimezaliwa nacho lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha kukiandika, na wewe ulikuwa hujui kusoma hata jina lako, kwa hiyo kwako yote ni mamoja. Nitakusomea mwenyewe kesho asubuhi nikipita.

Habari yenyewe ni hii: nimefaulu mtihani, na chuo kikuu kimeniita. Mimi, Rukia wako! Katika ukoo wetu wote hapa Balambala hakuna aliyewahi kusoma zaidi ya sekondari, mvulana wala msichana. Siku niliyopata habari nilitafuta mtu wa kumwambia kwanza, nikashtukia miguu inanileta kwako. Nilikaa hapo nikalia mpaka mbuzi wakaja kuninusa.

Hooyo alifurahi kwa siku moja kama mama yeyote, kisha maswali yakaanza. Nitalala wapi? Nikiugua nani atajua? Watu wa huko wanakula nini? Wasichana wengine wana mama aliyesoma, au kaka aliyetangulia, wanauliza wanajibiwa. Mimi ningemuuliza nani? Nilitaka kwenda, Aabo, nilitaka mpaka chakula kikanishinda. Nataka kurudi niwe mwalimu wa sekondari hapa hapa, msichana wa Balambala akiinua macho aone mtu anayemfahamu ubaoni. Lakini usiku nilikuwa naogopa, na wa kumwambia hayo hayupo.

Adeer Abdi, ndugu yako mdogo, ambaye tangu uondoke neno lake ndilo la mwisho hapa nyumbani, alikataa. Alisema anayekwenda huko harudi, na akirudi amekuwa mgeni. Isitoshe, kulikuwa na mwenye duka wa Garissa aliyeanza kuulizia habari zangu. Sikumchukia Adeer. Aliogopa kama mimi, ila yeye ana ndevu za kufichia.

Aliyemweza ni Hooyo. Alimsubiri amalize chai yake, akamwambia kwa upole, "Marehemu hakutuhamisha hata siku moja bila sahan. Wewe unakataa mahali usipopaona?" Adeer aliweka kikombe chini, akasema ataenda kukiona hicho chuo mwenyewe.

Maana sahan wetu ulikuwa wewe, mtu wa kutangulia kuangalia malisho na maji kabla watu hawajafungasha. Nakuona bado unavyorudi, miguu imejaa vumbi, watu wamekuzunguka na hakuna anayekuuliza kitu mpaka umekunywa maziwa. Kisha unaanza na ubaya. Daima ubaya kwanza. "Sahan anayeanza na uzuri ni mwongo," ulikuwa ukisema. Mwishoni unafungua fundo kwenye pindo la kikoi, unatoa majani uliyochuma huko, unampa mbuzi mbele ya wote. Akila, tunahama. Akigeuza uso, tunabaki. Na mimi ndiye uliyekuwa ukinipa kamba ya yule mbuzi niishike.

Basi Adeer akaondoka. Alisema anaenda Kenya, kama tunavyosema sisi, utadhani hapa ni nchi nyingine. Alipanda lori la mifugo kutoka Garissa, na sisi tukabaki tunangoja huku siku ya kuripoti inakaribia. Nisipofika siku hiyo, nafasi yangu inakwenda kwa mwingine. Kila lori lililotoa mlio barabarani lilinitoa nje.

Alirudi amevaa koti zito la mtumba na mafua juu. Alikunywa maziwa. Kisha akaanza na ubaya, Aabo, na alikuwa nao wa kutosha. Pale daraja la Tana walikaguliwa mpaka jua likawa kali. Baridi ya huko juu inaingia kwenye meno. Chakula ni kabichi, na kesho yake ni kabichi. Maziwa yanatoka kwenye pakiti na hakuna anayejua ni ya ng'ombe gani. Watu wanapishana njiani bila salamu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye ni wa ukoo gani. Hilo lilimuuma kuliko baridi. Nilimwangalia Hooyo, naye aliangalia chini. Nilijua kwisha.

Halafu akaingia kwenye uzuri. Maji yapo, kwenye bomba, na bomba halifungwi kwa kufuli. Kuna chumba cha kuswalia. Kuna binti wa kutoka Takaba, amejifunika vizuri, ambaye alipomsikia akiongea Kisomali alimkimbilia kama baba yake. Alimtembeza kila mahali. Alimwambia kwamba kwao pia yeye ndiye wa kwanza, kwamba alilia muhula mzima halafu akaacha, na kwamba nikija atanisubiri langoni. Adeer aliyarudia hayo ya langoni mara mbili.

Na majani! Hapo sauti yake ilipanda. Malisho mazuri, mafupi, mabichi, na hakuna mnyama hata mmoja. Watu wanayakata kwa mashine na kuyatupa. Alipoinama kuchuma, askari wa lango alimkimbilia, naye akajitetea kwa Kiswahili chake: "Mimi hapana mwizi, bwana. Mimi naangalia kama hii mahali nafaa mtoto yangu." Eti askari alicheka, akamchumia mwenyewe kwa mkono.

Alifungua fundo la kikoi. Hooyo akaleta mbuzi wake mweupe, na kamba nikapewa mimi. Mbuzi alinusa, akageuza uso. Adeer akasogeza kiganja karibu zaidi, na mbuzi akarudi, akalamba kwanza, halafu akala yote, akabaki anatafuna hata lile pindo. Wanawake walipiga vigelegele, na Hooyo akaingia ndani kunitafutia blanketi zito.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa karibu na mbuzi kuliko wote, na niliona punje nyeupe kwenye kiganja cha Adeer. Aliyatia chumvi, Aabo. Alisafiri njia yote ile na mafua yake, akaona, akaridhika, kisha akaogopa kwamba mbuzi atakataa. Macho yetu yalikutana, akajifanya anakohoa. Usimkasirikie. Najua wewe hukuwahi kufanya hivyo, lakini nimempenda kwa punje zile kuliko nilivyowahi kumpenda.

Kesho napanda lori. Naogopa bado, ila sasa ninajua langoni kuna mtu. Lala salama, Aabo, na Mungu akupanulie mahali pako. Likizo nikirudi nitakuja kwako kabla sijanywa hata maziwa. Nitaanza na ubaya, wote, bila kukuficha. Kisha nitafungua pindo la mtandio wangu nikutolee majani, na hayatakuwa na chumvi.

Binti yako,
Rukia