Wanataka Kunibeba Hadi Ghorofa ya Tatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba upesi, maana Alhamisi si mbali. Mimi ni mama wa watoto wawili, miguu yangu haifanyi kazi tangu utotoni, natumia kiti cha magurudumu, na kazi yangu ni kushona vikaragosi vya vitambaa na kuvichezesha nyuma ya pazia, sauti zote za wanawake na vikongwe ni zangu, na nyuma ya lile pazia hakuna anayejua kwamba nimekaa, watu wanaona kikaragosi kinaruka ukuta kumfukuza mwizi, wanapiga makofi, nami nafurahi humo ndani kwamba wameipenda kazi bila kunionea huruma.

Sasa kikundi chetu kimeomba ruzuku ya mfuko wa sanaa wa serikali ili tuzungushe onyesho mashuleni, tukatuma video, ikapendwa, na dada mmoja wa ofisini akanipigia simu kwa sauti nzuri tu akaniuliza, "Kuna chochote utakachohitaji siku ya kuonana na kamati?" na mimi, mshauri, nikajibu, "Hapana, sina shida yoyote," kwa sababu niliogopa nikitaja kiti wataniweka kwenye fungu la kuhurumiwa, au wataona nitawasumbua wampe mwingine. Ndipo ukaja ujumbe kwamba tutaonana Alhamisi hii, ghorofa ya tatu. Lifti ya jengo lile imekufa zamani, wameigeuza stoo ya mafagio.

Mpiga ngoma wetu anasema, "Dada, si tutakubeba tu, mara moja umefika." Yeye hajui. Mwaka juzi walinzi wawili walinibeba hivyo katika ofisi nyingine, mmoja kwapani mmoja miguuni, kiatu kikadondoka, sketi ikapanda, mmoja akasema, "Huyu mama kwake anakula vizuri," watu wakacheka pale ngazini, na mimi nikacheka kuliko wote. Kiti changu kikabaki chini. Huko juu waliniweka kwenye kiti cha plastiki, sikuweza hata kumgeukia aliyekuwa akinisemesha, na maji sikunywa tangu asubuhi kwa kuogopa habari ya choo.

Wifi yangu, anayeshika taa zetu na ambaye mdomo wake haujui likizo, amekuja na lake: "Wewe wifi baki nyumbani, nitakwenda mimi nijifanye ndiye wewe. Sura yako hawaijui, video ilionyesha vikaragosi tu." Nimekaribia kukubali, mshauri, nimeshaanza kumfundisha. Lakini jana aliposhika kikaragosi cha bibi kizee na kusema maneno yangu, nilijisukuma hadi jikoni nikalia. Tukikosa ruzuku hii kikundi kinakufa, mpiga ngoma ameshaitwa kazini duka la magodoro. Nibebwe, nimtume wifi, au niache?

Ni mimi, Wa Nyuma ya Pazia

*

Wa Nyuma ya Pazia,

Pole, mdogo wangu. Pole ya kweli, hasa kwa kile kicheko ulichocheka kuliko wote. Pole nimeshakupa, sasa nikugombeze.

Uliulizwa swali zuri ukajibu uongo. Mficha uchi hazai, nawe umeuficha mpaka umekubana. Unasema watakuhurumia? Huenda mmoja yupo. Lakini umewahukumu wote kabla hawajafungua mdomo.

Wifi yako anakupenda, ila anakupeleka pabaya. Ruzuku ikitoka, nani atatia saini? Kamati ikija kuwatazama mashuleni, atakuwa wewe mpaka lini? Mtaitwa matapeli, na hapo ndipo kikundi kitakufa kweli. Mwambie asante, arudi kwenye taa zake.

Kubebwa nako, hapana, na usiite kiburi. Anayekwenda kutetea kazi yake afike nguo zimenyooka, pumzi imetulia, amekaa kwenye kiti chake. Mfuko ule ni wa kodi, na wewe unalipa kodi kila ukinunua sabuni. Kuomba chumba unachoweza kuingia si kuomba huruma.

Mpigie yule dada leo, si kesho, na usianze na samahani kumi. Mwambie: "Uliniuliza, nikasema sina shida. Nilikosea. Natumia kiti cha magurudumu, lifti yenu haifanyi kazi, na mimi sibebwi. Naomba tuonane chini, karibu na choo ninachoweza kuingia." Ukikata simu mtumie maneno hayo hayo kwa ujumbe, asije akasema hakusikia. Akikwambia chini hakuna nafasi, muulize mapokezi pakoje, hata uani. Ngazi ile ile wanayotaka wewe uipande, wao wanaweza kuishuka. Wakikataa, wakatae kwa maandishi, uyapeleke kwa mkubwa wao, nami unitumie nakala. Na mpiga ngoma mweleze yaliyokupata mwaka juzi, maana hawezi kukulinda na jambo asilolijua.

Kuna jambo hukuniuliza. Huko mashuleni mnakotaka kwenda, yupo mtoto aliyewekwa nyuma kabisa ya wenzake, kwenye kiti kama chako. Atakitazama kikaragosi kikiruka ukuta, asijue ni nani anayekirusha. Onyesho likiisha, mdogo wangu, ondoa pazia akuone.