Mama Ametoka wa Kijani

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti la Mama. Lile faili la kuielekeza printa rangi, ulilonitengenezea kwa karatasi mpya ya duka langu la picha, nimeliweka, nikachapa picha niliyompiga Mama dirishani. Ametoka wa kijani. Mwenyewe kauliza kama ana homa na hajijui.

Sebule imejaa picha zako, na kila mgeni lazima aambiwe kazichapa nani. Yangu haipo hata moja. Nilitaka hii ipande ukutani. Niambie kweli, hukunifanyia makusudi?

Dada yako

8 Machi

Shikamoo dada,

Mpe Mama pole. Makusudi? Haya, tuanze na kazi. Wino wote unatoka? Karatasi iko upande wake? Marekebisho ya rangi ya printa yenyewe umeyazima?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Habari za kazi? Yote hayo nilishakagua, mimi si mwanafunzi wako. Wewe una mashine ya kupimia rangi na bosi anayekupeleka kozi, mimi nina macho tu. Sasa Mama anasema kama nimeshindwa, nikutumie wewe uichape. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Dada yako

29 Machi

Shikamoo dada,

Goti linaendeleaje? Nilinuna, ndiyo maana kimya. Leo nimeitazama tena ile karatasi ya vimraba vya rangi uliyonitumia nipime ndipo nitengeneze faili. Ni nzuri mno. Vimraba vinatakiwa vitoke na makosa yake yote, ndiyo nipime cha kusahihisha. Vyako uliacha printa ivirekebishe kwanza, sivyo? Hukutaka nione duka lako linatoa rangi mbaya. Basi nilipima uso uliopakwa poda, nawe picha ya Mama ukaichapa bila poda, marekebisho yamezimwa; ndiyo kijani hicho.

Chapa upya, marekebisho yakiwa yamezimwa. Viache vikauke vizuri, unitumie hivyo hivyo vilivyo.

Na wivu usidhani ni wako peke yako. Katika picha ile uliyonitumia nikague Mama anacheka, na anayemchekesha ni wewe uliyeshika kamera. Mimi hajawahi kunitazama hivyo. Nilipoifungua hapa kazini, niliifunga haraka.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Goti limepoa. Vimraba vilikuwa vibaya kweli, nilivifunga kwenye bahasha bila kuvitazama mara ya pili. Kwa faili lako jipya Mama ametoka rangi yake mwenyewe, mpaka kidoti cha shavuni. Kaishika, kaitazama weee, kisha akasema, "Mdogo wako fundi kweli."

Sifa zote kwako. Lakini ameitundika, na ametoa ile yako ya mlima kuipisha. Mlima nimeuweka kabatini mimi mwenyewe, na roho yangu ikatulia.

Likizo njoo na kamera yako, umpige pale pale dirishani. Nitakaa jikoni na mlango nitaufunga, nisije nikamchekesha mimi badala yako.

Dada yako