Pete Ambayo Bili Haikuitaja

Mama yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama jikoni, maana kuhusu hilo goti lako najua huambiliki. Linaendeleaje? Na Baba, kifua kimeachia sasa baridi imepungua huko Tennessee? Sisi huku Kentucky ni wazima. Maisie ameota jino la juu na anauma kila kitu, hata mkia wa mbwa, na mbwa anamvumilia kama mtu aliyeokoka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za hii nyumba yetu ya trela unazijua: ukikohoa chumbani, aliye jikoni anakwambia pole. Haya ninayokueleza Dalton anayajua yote, ila sipendi ayasikie tena yakitajwa.

Ni habari ya kile kidole chake kilichovunjika. Nilikwambia kama alivyoniambia yeye, kwamba alikwenda kwa rafiki yake Jumamosi kumsaidia kushusha mashine ya kufulia, na mlango wa nyuma wa pikapu ukamwangukia mkono. Alirudi jioni, kidole cha pete kimetiwa gango na kufungwa pamoja na kidole cha jirani, na pete haipo. Nilipouliza, akasema kidole kilivimba kama soseji, nesi akaikata pete. Vipande viko wapi? Akasema hajui, labda vilitupwa. Mama, nani anatupa pete ya ndoa kama ganda la karanga? Nawe uliponiambia tena kwenye simu kwamba mume anayetoka nyumbani bila pete ana mahali anakokwenda, neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Unajua nasoma ile kozi ya bili za hospitali kwa kompyuta, nipate kazi ya kufanyia nyumbani huku Maisie akicheza miguuni pangu. Nimeipenda kuliko shule yote niliyopata kusoma. Kila jeraha lina namba yake, kila tiba ina namba yake, na bima hulipa kwa kusoma hizo namba. Mwalimu wetu, Bi Hatcher, mama mmoja wa maneno makali na moyo laini, alituambia tangu mwanzo: kisichoandikwa hakikufanyika. Nililishika neno hilo kama aya ya Biblia.

Sasa bili ya Dalton ikaja. Nikaisoma kama mtu anayechambua mchele. Picha ya eksirei ipo. Kidole cha pete, mkono wa kushoto, kipo. Tiba ya mfupa uliovunjika, bila kuuvuta kuunyoosha, ipo. Kukata pete hakuna. Nikageuza nyuma, hakuna. Basi nikajiambia, kama haikuandikwa, haikukatwa, na kama haikukatwa, kidole kilifika hospitali kitupu. Mume wa mtu, Jumamosi mchana, kidole kitupu, alikuwa kwa nani?

Tangu hapo nikawa sina amani. Dalton akaanza kukimbilia barua sandukuni kabla yangu. Nikifungua masomo, ananizungukia nyuma ya kiti na kuuliza leo tunasoma nini. Nikisema mifupa, anatoka kwenda kupima oili ya pikapu ambayo ametoka kuipima. Siku moja akanitania, eti, “Haya, polisi wa vidole, umemkamata nani leo?” Akacheka peke yake. Nilinusa mashati yake, Mama. Nilimkazia macho yule binti wa kituo cha mafuta anayempa kahawa mpaka akaniuliza kama ana kitu usoni. Nikamwambia bado natafuta.

Mwisho nikampigia Bi Hatcher, nikajifanya ni habari ya mgonjwa wa kwenye zoezi. Nikauliza namba ya kukata pete huandikwa wapi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, mwanangu wewe, hujafika somo la vilivyomezwa. Daktari akitibu kidole kilichovunjika, gango la kwanza, kufunga, kukata pete iliyobana, hata kurudi kutazamwa wiki zinazofuata, vyote vimo ndani ya tumbo la namba ile moja. Anayeuza keki hakutozi tena mayai yaliyomo. Na lile neno lake la kisichoandikwa lilihusu maandishi ya daktari, si bili. Halafu akaniuliza huyo mgonjwa wa zoezi ananihusu nini. Nikasema simu inakatika.

Nilikata simu nimelowa aibu. Nusu ya somo, na karibu nivunje nyumba. Nikapika maharagwe na mkate wa mahindi vile apendavyo, nikaazimia kumwomba radhi. Lakini nilianza vibaya. Nilisema nimeisoma bili yake vizuri na kuna jambo nataka tuongee. Kabla sijaendelea, akaweka kijiko chini, uso umemwisha damu, akasema, “Kwa hiyo umeshaona.”

Mama, Mungu anisamehe, nilifunga mdomo nikamwacha aseme, kama ulivyokuwa ukitufanya sisi tulipokuwa wadogo.

Akasema haikuwa pikapu, wala hakwenda kwa rafiki. Jumamosi ile aliitwa kazini, kule kiwanda cha mbao, na mnyororo unaovuta magogo ukamnasa pete. Kiwandani ni marufuku kuvaa pete. Bosi wake, Stamper, ndiye aliyempeleka hospitali, na njiani akamwambia kwamba kwa kuwa amevunja sheria, bima ya ajali za kazini haitampa kitu, na ikijulikana itabidi amfukuze. Heri aseme alikuwa nyumbani. Basi walipomuuliza pale mapokezi kama ameumia kazini, akasema hapana. Tangu nianze kuisoma ile bili amekuwa akiona kama analala na mpelelezi.

Akatoka, akaleta vipande vya pete kutoka kwenye pikapu. Vimekatwa kweli. Lakini vina alama za meno ya mnyororo na grisi nyeusi, ndiyo maana alivificha.

Nikamuuliza kwa nini aliivaa, maana miaka yote alikuwa akiiacha kwenye kisahani cha sabuni kila asubuhi. Alinitazama, wala si kwa ukali. Akasema ni tangu ule ugomvi wetu wa Krismasi, nilipomwambia kwamba mume anayetoka nyumbani bila pete ana mahali anakokwenda. “Ulitaka nivae,” akasema, “nikavaa.”

Sikuweza kumaliza chakula. Mama, sikulaumu. Maneno yalikuwa yako lakini mdomo ulikuwa wangu, na mshahara wa shaka yangu ameulipa yeye kwa kidole.

Na bado hakijapona. Daktari anasema mfupa umekaa upande, huenda ukahitaji kupasuliwa na kutiwa pini. Kila namba itakayoandikwa kuanzia hapo itasimama juu ya uongo ule. Nilimrudia Bi Hatcher, safari hii bila kujifanya. Akasema Dalton asikubali bosi amsomee sheria, maana bima ya kazini mara nyingi humlipa hata aliyekosea. Dalton aligoma kwanza. Kazi je? Nepi je? Tulibishana mpaka mbwa akatoka nje. Kisha akachukua simu mwenyewe, akapiga ofisi ya bili, akasema alidanganya, aliumia kazini. Karani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Akarudia kwa sauti, Maisie akashtuka, akalia.

Kesho asubuhi anakwenda kumwambia Stamper uso kwa uso, kabla karatasi hazijamfikia. Huenda akarudi hana kazi. Ikiwa hivyo, tutaomba chumba chenu kile cha nyuma kwa muda, na mimi nitamalizia masomo hapo mezani pako. Sijakata tamaa hata kidogo. Nimwonapo akimlisha Maisie kwa mkono mmoja, nasema tutavuka.

Msalimie Baba, mwambie asivute sigara kisirisiri nyuma ya banda. Maisie anakubusu kwa jino lake jipya. Na ukipiga simu, Mama, anza kwa kuongea na Dalton. Mwite mwanangu. Mjulie hali ya kidole, kama bado kinamuuma usiku. Habari ya pete usimuulize.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Tressa