Kidonge cha Pili

Lusaka, siku ya Mungu, kiisha ibada

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia na magoti chini, vile ulinifundisha kusalimia wakubwa. Uko namna gani? Umeamuka namna gani? Shingo, miguu, moyo, vyote viko namna gani? Usinijibu "niko sawa, Mungu ni mwema". Mungu ni mwema, najua. Minye ninauliza juu ya miguu.

Hapa bwana yangu iko muzima, anaendelea na kazi yake ya garaji. Minye naendelea kusuka nywele pale sokoni. Baridi ya Lusaka tu inanichokesha, na usingizi. Juzi nililala vidole vikiwa ndani ya nywele za mutu. Mwenye kichwa akanigeuzia kioo nijione. Soko lote lilicheka, na minye nikacheka nao, nitafanya nini?

Nimekuandikia barua, siyo audio, sababu audio zangu unazifungulia uwanja wote. Ile siku nilikupigia nilikuwa na neno zito la kukuambia, nikasikia wamama nyuma yako wanapiga vigelegele: "Faida, aksanti! Faida, utuongezee dawa!" Nikakata simu. Ukazani ni rezo, mutandao umekatika. Haikuwa rezo, Mama, nilikuwa ninalia. Basi hii barua nimeitia mukononi mwa Mzee Salumu. Isome peke yako, mulango umefungwa. Ata mudogo wangu Bahati asikusomee.

Huyu Mzee Salumu namushukuru sana. Tangu mupaka wa Bujumbura ufungwe na farmasi ya kule, tulikonunua dawa yako, ikatushinda, yeye njo anabeba kopo lako la dawa ndani ya boti, katikati ya saruji na sukari, toka Mpulungu kufika Kalundu kwenu, na hajalipoteza ata mara moja. Safari hii alipanda mupaka Lusaka na gunia mugongoni. Nilifurahi sawa mutoto siku ya Noeli. Samaki ndogo za ndagala kavu, muchele, karanga, kila kitu kimefungwa mu kitambaa chake. Nikasema, ona vile Mama amenikumbuka!

Mzee akakaa, akakunywa chai, akaanza kunionyesha. "Hizi ndagala ni za Mama Nabintu, jirani yenu. Muchele ni wa shangazi yako wa Luberizi. Karanga ni za yule mujane wa Lubarika anayekuja ku maombi. Wote wanakushukuru kwa dawa."

Nikamuuliza, "Dawa gani?"

"Si ile unatuma ya shingo? Mama yako anaikata na wembe kiisha maombi. Kila mwenye shingo ya kuvimba anapata kipande chake."

Na wembe, Mama!

Kisha akaniambia habari zako, polepole, sawa mutu anayeleta habari ya kilio. Anasema unavaa sweta saa sita za muchana, Uvira, mahali joto inafukuza watu toka ndani ya nyumba. Alipiga hodi akafikiri ni mwanaume amemuitikia, kumbe ni weye, sauti imekuwa nzito hivyo. Anasema uso umevimba, na unasinzia ukiwa unachambua majani ya sombe. Yesu wangu. Mama yangu mimi, mwenye alikuwa anapanda mulima na kitunga cha muhogo kichwani huku anaimba.

Njo nikakupigia, ile siku ya vigelegele. Nilifikiri utakataa. Wapi! Ulijivunia. Ulisema, "Faida, hawa wamama walifunga juu ya tumbo lako. Walikaa bila kula, wakamulilia Mungu akupe mutoto. Sasa kitu kimetoka kwako, minye nikifiche chini ya godoro sawa mwizi?" Pale wamama wakapiga vigelegele, nikakata. Ni kweli walifunga. Na ni kweli kwetu kitu cha kutoka mbali hakifichwi na mutu mumoja. Ata ile sabuni nilikutumia uliikata vipande, ukabaki na kile kidogo kabisa.

Lakini dawa hii siyo sabuni. Unakumbuka kule Bukavu, walipokutoa ile tezi ya shingo? Minye njo nilishika kitenge chako mulangoni. Docta alituambia sisi wawili: hii tezi ndiyo ilikuwa inatoa homoni, sasa haiko tena, na kidonge kimechukua nafasi yake. Siyo dawa ya kunywa ukapona ukaacha. Ni kila siku, kizima, mupaka Mungu akuite. Ukikikata vipande vitatu, weye mwenyewe unaishi kwa theluthi. Hiyo baridi, huo usingizi, hiyo sauti, si uzee na si ulozi. Ni kile kipande ulimupa mwingine.

Na huyo mwingine humusaidii. Shingo zote zinavimba, lakini siyo kwa sababu moja. Kuna mwenye homoni imepungua, kuna mwenye imezidi. Mzee Salumu anasema Mama Nabintu amekonda, mikono inatetemeka, moyo unamupiga mbio, halali, na mumesema ni Roho Mutakatifu anashuka juu yake. Mama weye! Inawezekana ni kidonge. Nakuomba, aache leo hii, aende hospitali wamupime damu. Akifa, nitakuwa nimemuua kwa mukono wako, na ndagala zake bado ziko tumboni mwangu.

Na yule docta wa mashine wa Mulongwe, mwenye anakushikisha chuma mukononi na mashine inataja magonjwa yako yote toka nywele kufika ukucha, amekuambia eti homoni zako amezisawazisha. Docta wa wapi? Ni muchuuzi wa vitamini! Sisemi vitamini zote ni sumu. Kalsiamu ni nzuri, mifupa yako inaitaka. Lakini Mzee anasema unaimeza pamoja na kile kipande cha asubuhi, na chai ya maziwa juu yake, na kalsiamu inazuia dawa kuingia mwilini. Fanya hivi: ukiamuka, kidonge na maji matupu. Omba, fagia uwanja, ongea na kuku zako, kisha njo unywe chai. Kalsiamu ikae mupaka mangaribi. Zile kapsuli za majani ya bahari za kusafisha damu uziache kabisa, hatujui wametia nini ndani. Na chumvi ununue ile ya pakiti, yenye iodini. Hiyo ata wamama wote wanunue, hiyo mugawane mupaka muchoke.

Nimezunguka sana, Mama. Kalamu inaogopa.

Uliniuliza mara nyingi hizi dawa nanunua wapi. Nikajibu, farmasi. Nilikudanganya. Sijanunua ata moja. Minye pia shingo yangu ni ya kwenu, ya kule milimani. Mwaka jana, baada ya yale matumbo mawili kutoka, hospitali ya hapa walipima damu yangu wakaona tezi imelala. Njo maana matumbo yalikuwa hayakai. Wakanipa kidonge kimoja kila asubuhi, kilekile chako. Na tumbo likakaa.

Ndiyo, Mama. Liko. Linaingia mwezi wa tano. Sikukuambia sababu niliogopa kulitaja, nilifikiri nikilitaja tu litatoka sawa yale mengine.

Walipoona nina mimba wakaniongezea, wakanipa viwili kwa siku. Muuguzi alinicheka vizuri, akasema, "Hiki chako, hiki cha mutoto." Juma lilelile mupaka wa Bujumbura ukafungwa, na weye ukatuma Bahati aniambie dawa imekwisha. Nilitembea farmasi zote za hapa, bila karatasi ya jina lako hakuna mwenye alinisikiliza. Basi nikakunywa kile changu. Kile cha pili nikakitia mu kopo lako. Kila asubuhi, Mama, bila bwana yangu kujua. Nilijiambia mwili wangu bado ni kijana, utavumilia.

Haukuvumilia. Nywele zangu zinabaki ku kitana, minye musuka nywele za watu. Hii baridi naisingizia Lusaka, watu wa hapa wanatembea na mikono mifupi. Ile siku ya vigelegele nilikuwa nimetoka kwa docta. Aliangalia karatasi ya damu, akaniangalia. "Unakunywa dawa?" Nikasema ndiyo. "Zote?" Nikaanza kufunga kitenge changu upya. Akaweka kalamu chini. Akasema mutoto akiwa tumboni anajenga ubongo wake na hii homoni ya mama yake, na akiikosa anaweza kuzaliwa akili imechelewa, ao asizaliwe. Alisema hivyo bila kukasirika, na njo kiliniumiza zaidi.

Sasa niambie. Nikikunywa vyote viwili, kopo lako liko tupu, na weye bila dawa utalala siku moja usiamuke. Nikikutumia, namunyima huyu. Nimefikiri mupaka kichwa kimeuma, na bwana yangu, nilipomuambia, alitoka nje. Minye sina pa kupitisha wembe, Mama. Upande mumoja ni weye, upande mwingine ni mutoto wangu.

Kwa hiyo njoo. Siombi tena, nakulilia. Panda na Mzee Salumu. Hapa watakupima, watakuandikia dawa kwa jina lako mwenyewe, na hatutagawana tena, weye na minye na huyu. Najua utasema huwezi kuacha kaburi la Baba. Baba hatakimbia. Bahati atabaki na nyumba na kuku. Mzee atakaa Kalundu siku chache kupakia mafuta ya mawese, kisha anarudi. Nimemuomba asirudi bila weye, na ameniapia.

Kopo analokupa na hii barua ni la mwisho. Dawa zilizo ndani zinakufikisha hapa, kidonge kimoja kila asubuhi. Nimezipima na safari. Ukimupa mutu kipande, hazitafika, na weye hutafika.

Unisalimie Bahati mudogo wangu, avumilie, achunge mulango. Unisalimie shangazi wa Luberizi, muambie muchele wake unanukia nyumbani. Yule mujane wa Lubarika, karanga zake bwana yangu amezimaliza. Mama Nabintu umusalimie sana, na yeye umusomee hii barua yote, nimeruhusu. Alifunga akalia kwa ajili ya hili tumbo. Muambie Mungu alisikia. Muambie tumbo liko, na kile kipande alichokuwa anameza kilikuwa cha huyu aliyemuomba. Nakujua, Mama, utataka kumupa tena ukimuona anakuaga na machozi. Yeye akijua, atakukatalia.

Tunakungoja Mpulungu, ku maji, sisi wawili:

binti yako Faida,
na mwenye kidonge cha pili.