Mrudishie Mayu Vidonge Vyake

Kabula mdogo wangu,

Mwangaluka. Leo sianzi na hali yako, naanza na ya mayu. Mama yetu ameamkaje? Anaweza kushika kikombe? Mimi na Holo wangu huku Arusha ni wazima, ila yeye anaota meno na mimi nasinzia nimesimama. Simu umenikatia mara tatu, ndiyo maana naandika. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Bariadi amkabidhi kaka Maduhu, naye ataisoma kwa sauti hapo nyumbani Nkoma, mbele yenu wote.

Maduhu amenieleza. Mayu ameanguka kwenye foleni ya kupima pamba, mkono wa kushoto ukalegea. Zahanati wakakuta presha iko juu sana, wakauliza vidonge vyake viko wapi. Mayu akajibu, "Kabula amenikataza mpaka siku saba ziishe." Siku saba za nini, wewe?

Nilipokupigia ulinijibu jeuri: "Dada, mikono yako ndiyo mikono, yangu ni kuni? Una wivu tu. Wanawake wanatoka mpaka Migato kuja kwangu!" Eti na kibao umeweka mlangoni, "Reiki ya Kizungu". Hata Uzungu wenyewe hakuna, kuwekea watu mikono huku kulitoka Japani.

Nikwambie ninachofanya hapa, maana unadhani nimefungua uganga hotelini. Wageni wanashuka mlimani miguu imekakamaa. Wanalala kitandani na nguo zao, nawawekea mikono kichwani na mabegani, taratibu, bila kukandamiza. Wengine wanakoroma. Wakiamka wamechangamka, basi, kazi imeisha. Mwalimu wetu wa reiki alituambia siku ya kwanza kabisa: mnampumzisha mtu, hamtibu ugonjwa. Na kabla mgeni hajalala tunamuuliza anatumia dawa gani, ili asije akaziacha.

Wewe umechukua kazi hiyo ukaipa miiko ya mganga. Mganga ndiye anayesema dawa yake haikai pamoja na ya hospitali. Reiki ina mwiko gani? Nani alikufundisha? Ukachukua vidonge vya mama yako mzazi ukavifukia kwenye debe la mtama! Nilipoambiwa hivyo nilikupigia simu papo hapo, mtoto mgongoni.

Na langu nalisema, Maduhu alisome bila kuruka. Nilipokuja likizo nilimwekea mayu mikono, akalala mchana kutwa, akaamka anacheka. Majirani wakajaa uani. Mimi kwa kupenda sifa nikawaambia, "Hii inashinda vidonge." Wewe ulikuwa umekaa mlangoni unanitazama. Kabula, ule ulikuwa uongo. Majirani waambiwe hivyo hivyo, kwa jina langu.

Sasa sikiliza. Toa vidonge kwenye debe saa hii hii, Maduhu akiwa bado ameshika karatasi. Mpeleke mayu hospitali ya Bariadi leo, usingoje kesho, ubebe vidonge vyote daktari avione. Umwambie kwa mdomo wako mwenyewe ulimkatisha mayu dawa siku ngapi. Usimsukumie mayu aseme, yeye atakuficha, nawajua. Kibao king'oe. Ukikataa, nakuja na Holo mgongoni naking'oa mimi, kazi ya hoteli na ipotee.

Nisalimie shangazi Milembe aliyetulea, na umwambie aache kukutetea. Msalimie wifi, mke wa Maduhu, aliyembeba mayu kutoka kwenye foleni. Mikono yake ndiyo iliyofanya kazi siku ile.

Mkirudi, na mayu akishameza dawa kama daktari alivyopanga, mkalishe kivulini umwekee mikono mabegani, pale pale anapopenda. Usimwambie anapona. Mwambie apumzike, halafu unyamaze.

Nimekukasirikia, na bado ni dada yako,

Minza, mama Holo