Siku Ulipoimba pale Bandarini

Baba Mwansa,

Watu wa kilio wamerudi kwao. Masufuria ya kuazima tumeyarudisha, na turubai ya kanisa imekunjwa. Mwansa wetu alijifungulia hapa, akabaki nami mupaka juzi, halafu akapanda basi ndogo ya kwenda muji wa Mansa na mutoto mugongoni. Sasa nyumba iko kimya, na mimi mwenye kusema sana sina tena wa kumusemea. Nakuandikia kwa Swahili yetu hii ya kuuzia samaki, ileile tuliyokutana nayo, maana Bemba yako naisema tu, kuiandika bado kunanishinda.

Mudogo wako Chisha anafungua kibanda kila asubuhi. Anatengeneza injini za mitumbwi kama ulivyomufundisha, lakini ikigoma kidogo anaitukana. Wateja wanacheka, wanasema juu yako, Ba Kapembwa hakutukana injini hata siku moja. Nawajibu: angeitukana namna gani? Mupaka amalize tusi, injini ingekuwa imeshawaka! Wanacheka tena, na mimi nacheka nao. Halafu naenda nyuma ya nyumba, naosha uso.

Nataka tuongee juu ya siku ile ya klabu. Tuliiongea mara nyingi ulipokuwa muzima, lakini pale panaponiuma hatukufika.

Unamukumbuka yule bwana aliyekuja kutoka migodi ya Copperbelt na kununua klabu ya bandarini, mwenye jaketi ya ngozi hata kwenye joto la Oktoba. Alibandika karatasi sokoni kote hapa Nchelenge: Jumamosi, karaoke, na ni rock tupu. Wengi hatukujua karaoke ni nini. Mwalimu mumoja ndiye alitueleza kwamba muziki unapigwa bila mwimbaji, maneno yanapita kwenye televisheni, na mutu yeyote anaweza kushika mikro aimbe. Basi watu wakaja hata kutoka Puta na Mwansabombwe. Wacongomani waliovuka ziwa na mizigo hawakurudi siku ile. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, na kule ndani hakukuwa tena mahali pa kuweka muguu.

Halafu jenereta ikazima. Wakakuita.

Nami nikafuata, kama kawaida yangu. Kwenye ofisi ya council, kanisani, kwa wateja wakorofi, tulikwenda wawili. Wewe ulianza neno, mimi nilimaliza. "Injini inataka pi-pi-pi..." "Pistoni mupya," nasema. "Tutakuja ke-ke..." "Kesho asubuhi." Wanaume walizoea hata kuniangalia mimi wakati wewe ndiwe unaongea. Pale sokoni walisema Ba Kapembwa ni mikono, Mama Mwansa ni mudomo. Nilipenda kuitwa vile. Nilifikiri ndiyo ndoa yenyewe, mutu kumubebea mwenzake kile kinachomulemea.

Ulifungua jenereta, ukatoa kitu kama udongo kwenye bomba la mafuta, ukapuliza, ikawaka. Taa zikarudi, zile bafle kubwa za muziki zikakohoa, watu wakapiga mayowe. Ulikuwa unafuta mikono na kitambaa chako cheusi. Ndipo yule kijana muuza samaki, yule mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akachukua mikro akasema kwa nguvu, "Sasa fundi atuimbie!" Wakacheka klabu nzima. Kila mutu wa Nchelenge alijua kigugumizi chako.

Akakunyoshea mikro. Mimi nikawahi kuishika. "Muacheni," nikasema, "huyu haimbake."

Wewe ukaweka mukono wako juu ya wangu, bado una mafuta. Hukuvuta. Uliuweka tu, mupaka nikaachia.

Wimbo ulioonyesha kwa kidole kwenye orodha yao sikuujua. Baadaye uliniambia ni wa zamani, wa wakati ule vijana wa Copperbelt walivaa suruali pana na kuachia nywele, na mujomba wako alikuwa na sahani yake ya gramafoni, akiipiga kila Jumapili wakati wewe ulikuwa mutoto unaosha vyombo. Gitaa ikaanza kulia kama propela iliyogusa jiwe. Nilifunga macho. Nilikuwa naomba Mungu umeme uzime tena.

Na wewe ukaimba.

Baba Mwansa, hukukwama hata mahali pamoja. Hukuangalia televisheni. Ile sauti nilikuwa sijaisikia, na tulikuwa tumeshalala kitanda kimoja miaka mingi. Ilikuwa kubwa, ina mikwaruzo, inapanda mupaka unafikiri itakatika, halafu inapanda tena. Maneno yalitoka kama maji yakivunja ukingo. Halafu klabu ikapasuka. Yule mwalimu alipanda juu ya meza, muguu wa meza ukavunjika, akaendelea kucheza juu ya ile mitatu iliyobaki. Muvuvi mumoja alivua shati akaizungusha kama anatupa wavu. Vijana waligonga makreti ya bia kama ngoma. Wamama wa chisense, wale dagaa wa ziwa, waliingia na mabeseni kichwani, samaki wanamwagika, wanakanyagwa, na hakuna aliyelalamika. Bwana wa klabu alikuwa analia ndani ya jaketi yake. Mimi nilikuwa kwenye mulango na mufuko wako wa spana, nimeukumbatia kama mutoto, na sikujua kama nacheka ao nalia.

Wimbo ukaisha. "Tena! Tena!" Ukainua mukono. Ulitaka kusema kitu. Watu wakatulia.

"Twa-twa-twa..."

Hapo ndipo narudi kila siku. Wewe ulikuwa umesimama mbele ya watu wote wale, jasho linatiririka, mudomo unatafuta neno, na hakuna aliyecheka. Hata yule mwenye meno yaliyoachana alikuwa kimya. Makreti kimya. Walikuwa wanakungoja. Klabu nzima ya walevi ilikuwa inakungoja kwa heshima.

Na mimi nikapiga kelele kutoka mulangoni: "Anasema twatotela! Asanteni!"

Wakapiga makofi. Wewe ukaniangalia kidogo, ukashusha mikro, ukamurudishia kijana.

Kwenye njia ya nyumbani hukununa. Wewe hukuwa mutu wa kununa. Tulipopita pale wanapoanika samaki ukasimama, ukasema pole pole, "Mama Mwansa, batu ba-ba-balikuwa ba-bananingojea." Ulisema kama mutu aliyeona kitu cha ajabu. Na mimi, kichwa changu sijui kilikuwa wapi, nikakujibu, "Bon, spana zote umezirudisha ku mufuko?"

Usiku sikulala. Ndipo nilisikia kile ulichoniambia.

Kesho yake nikaanza kujifunza kunyamaza. Ulinicheka! Ulisema nauma midomo kama mutu anayetolewa jino. Mara nyingi nilishindwa, neno lako lilikuwa linaruka lenyewe kwenye ulimi wangu. Lakini siku zingine nilishinda, na ukaniletea vitu ambavyo sikujua unavyo. Kumbe supu ya kabichi hukuipenda hata siku moja. Kumbe uliogopa ziwa, wewe fundi wa mitumbwi.

Na ile asubuhi tunakula bukari, ugali uliolala, nikakuuliza juu ya siku tuliyokutana, mimi nimetoka upande wa Pweto, ng'ambo ya Congo, na ndoo yangu ya samaki, wewe umesimama mbele yangu unasema, "Nataka ku-ku-ku..." Nami nikakumalizia, kwa utani wa wasichana wa kule kwetu, "Kunioa?" Ukakubali kwa kichwa. Nikakuuliza, kweli ulitaka kusema vile? Ulicheka mupaka machozi. Nikangoja. Nilingoja mupaka chai ikapoa. Mwisho ukasema, "Ku-ku-kuuliza jina yako."

"Sasa ulikubali juu ya nini?"

"We-weye ulisema muzuri ku-kupita miye."

Nilikupiga na kitambaa cha meza. Lakini niliona maneno yote niliyokutangulia, miaka yote ile. Moja lilituletea ndoa na mutoto na nyumba. Mengine yalikwenda wapi? Ulikuwa unataka kusema nini kwa pasta, kwa baba yako kabla hajafa, kwa Mwansa siku anaondoka kwenda kwa bwana yake? Mimi nilisema yangu, watu wakasikia yangu, wakaitika, tukarudi nyumbani.

Nilifikiri tuna wakati. Bwana wa klabu alitaka uimbe tena Krismasi, na wewe ulikuwa unajizoeza kule kwenye kibanda, injini zikiwa zimewaka ili majirani wasisikie. Walisikia, Baba Mwansa. Walikuwa wanazima redio zao.

Halafu tension, ile presha ya damu, ikakuangusha. Chisha na wavuvi wakakubeba mupaka hospitali. Upande mumoja wa uso ulikuwa umelala. Nilikaa kando ya kitanda chako kutwa nzima, na kesho yake ukafungua macho, ukanishika kidole, ukaanza.

"Mu..."

Nikajikaza. Nilisema moyoni, leo sitamukatiza, hata ikichukua mupaka jioni.

"Mu... mu..."

Muuguzi akasema nikuache upumzike. Nikamuambia, "Mukwai, anasema kitu, tafadhali." Nilikuangalia mudomo. Nilingoja, Baba Mwansa. Nilingoja vizuri kupita siku zote. Na neno halikufika.

Sasa kila mutu ana neno lake la kuweka pale. Pasta alisema kaburini kwamba ulikuwa unaita Mungu, watu wakasema amina. Chisha anasema ni mutoto, maana Mwansa alikuwa karibu kuzaa. Bwana wa klabu alikuja kunipa pole, akasimama na kofia mukononi, akasema kwa sauti ndogo, labda muziki. Kila mumoja ananiangalia, anataka nikubali. Wanasema, wewe ndiwe ulikuwa mudomo yake, wewe unajua.

Mimi pia niko na langu. Linanijia nikiwa napika, nikiwa naanika chisense: muke wangu. Linakaa pale vizuri kabisa. Lingenifariji mupaka nife.

Lakini sitaliweka. Nakuahidi. Wakiniuliza, nitawaambia ulianza neno, na neno lilikuwa lako. Pasta akiudhika, audhike.

Pumzika, bwana yangu. Siku nikikufuata, usishangae kuniona nimekaa karibu yako sisemi kitu. Anza tu. Hata likichukua milele, nitangoja ulifikishe mwenyewe.

Mama Mwansa