Wanne Niliowaandika Hasi

Jumanne jioni. Maungu kumekauka, upepo unaleta vumbi la barabara kuu mpaka ndani ya nyumba, na mimi nimekaa tu hapa na yunifomu sijavua. Sijala tangu asubuhi na wala sina hamu.

Nitaandika mambo yalivyo, kwa sababu leo kuna mtu amenishukuru na sikustahili.

Kwa asiyenijua, mimi hupima damu katika zahanati ndogo upande huu wa Voi. Kila mama mjamzito akija kliniki mara ya kwanza, lazima nimtoboe kidole nimpime malaria, awe mgonjwa au awe mzima kabisa. Malaria inaweza kujificha kwenye damu miezi na miezi, mtu hana homa, haumwi hata kichwa. Kwa kuwapima wote ndipo tunaipata mapema, na ndipo tunajua kama imeingia kwetu.

Shida ni kwamba kwetu ni pakavu. Unapima wiki, unapima mwezi, kila kipimo mstari mmoja tu, hakuna kitu. Mwishowe mkono unaandika "hasi" kabla jicho halijaangalia. Nilizoea, ndiyo hiyo.

Miezi mitatu iliyopita, siku ya kliniki, foleni ilikuwa ndefu na fundi alikuwa ananingoja Voi na gauni la harusi ya dadangu. Walibaki akina mama wanne. Wa kwanza wao alikuwa Mkamburi, yule anayeuza ndizi pale steji. Mimi ni mteja wake. Aliingia akicheka, tumbo bado dogo, akasema, "Daktari, hiyo damu yangu mnataka ya nini? Mnapikia?"

Nilicheka pia. Nikamwambia, "Wewe ugonjwa ukikuona unakimbia. Enda nyumbani ukapumzike."

Nikaandika hasi. Na wale watatu nyuma yake nikawaandika hasi, nikafunga chumba.

Sikufungua kipimo hata kimoja.

Na nilijua ndizi zake hutoka kwao Mahoo! Nilijua kila wiki huenda kuzichukua kwa mamake, analala siku mbili karibu na mifereji ya kumwagilia mashamba, mahali penye mbu kweli kweli. Aliyekulia huko mwili wake umezoea malaria, anaweza kutembea nayo asijue. Haya yote nilifundishwa darasani, na mtihani nikapita vizuri.

Jana aliletwa na bodaboda, mama mkwe amemshikilia kwa nyuma asianguke. Midomo imekuwa myeupe. Alisema mtoto hajacheza tangu Jumamosi. Nilimpima, na mistari miwili ikatokea haraka, mwekundu na mwekundu. Akakimbizwa hospitali.

Asubuhi ya leo simu ikaja. Mkamburi yuko hai, anaongezewa damu. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Miezi saba, msichana. Daktari wa huko anasema inaonekana malaria ilikaa naye muda mrefu.

Woi, Mkamburi. Nisamehe.

Msimamizi wetu alifungua rejista, akaona mwandiko wangu, akashusha pumzi. "Sisi tulifanya kazi yetu," akasema. "Hii aliipata baadaye." Ningesema pale pale. Badala yake nikaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mimi ni mwoga, nimejijua leo.

Saa sita mama mkwe akapita kuchukua shuka alizoacha jana. Nilidhani amekuja kunitukana, na afadhali angenitukana. Alinishika mikono yote miwili, macho yamevimba, akaniambia, "Asante mwanangu kwa ulivyomshughulikia. Mkamburi hutusifia wewe kila siku. Anasema siku ile hata hukumtoboa, ulimwangalia tu ukajua yuko sawa."

Nilienda chooni nikalia.

Kwa hivyo kesho, kabla chumba hakijafunguliwa, namwendea msimamizi na rejista mkononi nimwambie ni nini nilifanya. Anifukuze akitaka. Kisha natafuta wale watatu. Mmoja nasikia anakaribia kujifungua, anaishi ng'ambo ya reli, na kwake ndiko nitaanzia. Nimeshaweka vipimo kwenye mkoba, na majina yao nimeyaandika kwenye karatasi. Nimeyasoma mara nyingi mno, nimeyajua kwa kichwa.

Hao nitawatoboa vidole, na wakiwa nayo watatibiwa. Hiyo najua kuifanya.

Lakini Jumamosi nitaenda kumwona Mkamburi wodini. Atanikaribisha, namjua, pengine atajaribu hata kunichekea. Nitaanzaje kumwambia kwamba siku ile sikumwangalia?